Taka Zishukazo na Maji

Msomaji, ukisimama Nunguni asubuhi ya baridi, ukungu ukiwa bado umevifunika vilima vya Kilungu, huwezi kudhani kwamba una neno lolote na mvuvi. Hapa watu hulima mahindi na maharagwe, hupanda kahawa na matunda, hufuga ng'ombe na kusuka vyondo. Wakamba wana sifa nyingi katika historia, za uwindaji, za misafara ya biashara na za uchongaji wa miti. Lakini uvuvi haukuwa miongoni mwa sifa hizo, na mtoto wa Kilungu aweza kumaliza shule asipate kuona ndoana ikitiwa chambo. Hata hivyo nataka kukueleza habari za mvuvi na taka anazozikuta majini, na nimeanzia Kilungu kwa sababu ndipo maji yanapoanzia.

Fuata njia ya maji. Mvua ikinyesha juu ya vilima hivi, sehemu kubwa ya maji yake hushuka kwa vijito mpaka Mto Kaiti. Kaiti hujitia katika Thwake. Na Thwake hukutana na Athi mahali ambapo kaunti ya Makueni yapakana na kaunti ya Kitui. Athi wafika hapo ukiwa umekwisha kupokea maji ya Mto Nairobi, pamoja na mengi yaliyotupwa ndani yake na watu wa mji ule mkubwa. Kisha mto washuka nyikani, wapita katika mbuga ya Tsavo, wapokea Mto Tsavo na kubadili jina kuwa Galana. Ukikaribia pwani huitwa Sabaki, na huingia katika Bahari ya Hindi kaskazini kidogo ya mji wa Malindi. Mto ni mmoja, majina ni matatu, na kwa kuwa majina ni matatu watu wa juu na watu wa chini husahau upesi kwamba wanakunywa katika chombo kimoja.

Kwenye mlango wa mto huo wako wavuvi wa kila namna: Wagiriama, Waswahili, Wabajuni, na katika majira yao Wapemba wanaokuja na vyombo kutoka ng'ambo. Wengine hutega jarife, wengine hushusha dema, na wengine huvua kwa mshipi, yaani uzi na ndoana tu, wakiketi kwa subira juu ya miamba. Huyu wa mshipi ndiye anayeijua hali ya maji kuliko wote, kwa sababu samaki wake lazima akione chambo. Maji yakichafuka, hana kazi.

Basi taka ya kwanza kubwa iliyoshuka kutoka Ukambani na kumfikia mvuvi haikuwa chupa wala mfuko. Ilikuwa udongo. Usishangae kwamba nauita udongo taka. Taka ni kitu kilichopotea mahali pake. Udongo ukiwa shambani ni mali ya mkulima na urithi wa watoto wake. Ukiwa juu ya matumbawe ya Malindi huyasonga, huwafukuza samaki, wala hakuna awezaye kuurudisha ulikotoka. Wakati wa kaskazi, upepo na mikondo ya bahari husukuma maji mekundu ya Sabaki kuelekea kusini, mpaka kwenye matumbawe yale yale ambayo tangu mwaka wa 1968 yamo katika hifadhi ya bahari ya Malindi. Hifadhi yaweza kumzuia mtu mwenye wavu. Haiwezi kuuzuia mto.

Je, twajuaje kwamba mambo hayakuwa hivyo tangu zamani? Hapa bahari yenyewe imetunza kumbukumbu. Tumbawe hukua tabaka juu ya tabaka, mwaka baada ya mwaka, kama mti ukuavyo kwa pete, na kila tabaka hubaki na alama ya madini yaliyokuwamo majini wakati ule. Miongoni mwa madini hayo ni bariamu, ambayo huletwa baharini na udongo wa mto. Mwaka wa 2007 wataalamu walitangaza habari za tumbawe moja la Malindi lenye umri wa miaka 300 hivi. Waliona kwamba kwa muda wa karne mbili za kwanza alama ya bariamu ilikuwa ndogo, isiyobadilika sana. Mwanzoni mwa karne ya 20 ikaanza kupanda, na katika miaka ya 1970, wakati wa ukame mkali, ikapanda kwa kasi zaidi. Mwanzoni mwa karne hiyo ndipo serikali ya Kiingereza ilipojiimarisha katika nchi ya juu, ikawapa walowezi ardhi nzuri, kama vilima vya Mua karibu na Machakos, na kuwabana Wakamba na ng'ombe wao katika eneo lililowekewa mipaka. Watu na mifugo walisongamana, majani yakakatika mizizi, na kila mvua ikaondoka na sehemu ya shamba.

Mwaka wa 1937 Colin Maher, ofisa wa serikali wa kuhifadhi udongo, aliandika taarifa ya kusikitisha juu ya makorongo ya Machakos, wilaya ambayo wakati ule ilikuwa na Kilungu ndani yake. Serikali iliona ng'ombe wamezidi, lakini haikutaka kuona kwamba ardhi imepunguzwa. Ikaamuru mifugo ipunguzwe kwa nguvu, na ng'ombe wengi wakauzwa kwa bei ya chini, huku kiwanda cha nyama cha Athi River kikiwangoja. Julai 1938 Wakamba kwa maelfu, wakiongozwa na Samuel Muindi Mbingu, walikwenda Nairobi kumwona Gavana, wakakaa huko majuma kadhaa. Amri ile ya ng'ombe ikashindwa. Lakini Mbingu alikamatwa, akahamishwa mbali na kwao mpaka Lamu, katika pwani ile ile inayopokea udongo wa nchi yake.

Kilichofuata ndicho ninachotaka ukitazame sana. Katika miaka ya 1950 kazi ya kukata matuta ilifanikiwa ilipoacha kuwa ya kulazimishwa na kuingizwa katika mwethya, yaani ule ushirika wa zamani wa Wakamba wa kusaidiana kazi, kila kikundi kikichagua viongozi wake chenyewe. Wanawake ndio waliokuwa wengi katika vikundi hivyo, na majembe yao yalifanya kazi ambayo amri za ofisi zilishindwa kuifanya. Baada ya Uhuru waliendelea, hata bila ya kusimamiwa na mtu. Kitabu kilichotolewa mwaka wa 1994 juu ya wilaya hiyo kilionyesha jambo ambalo watu wengi hawakulitarajia: tangu miaka ya 1930 idadi ya watu ilikuwa imeongezeka zaidi ya mara tano, na mmomonyoko ulikuwa umepungua. Ukipita leo kati ya Nunguni na Kola utayaona matuta hayo yakipanda mlima kama ngazi. Watu hutaja mahindi yaliyopatikana kwa matuta hayo, na ni haki yao. Lakini sijasikia mtu akitaja samaki.

Nimekaa sana juu ya udongo kwa makusudi, maana taka zilizofuata ni nyepesi zaidi, na huenda mbali zaidi. Lakini kabla ya hizo yafaa tumtazame mvuvi mwenyewe, kwa kuwa si kweli kwamba taka zote humjia kutoka kwa wengine. Zamani chombo chake kilikuwa cha mimea mitupu: dema za fito, kamba za katani au za makumbi ya nazi, nyavu za nyuzi za pamba. Dema ikipotea baharini ilioza baada ya muda mfupi, na samaki aliyenaswa ndani aliweza kutoka. Katika Ziwa Viktoria nyavu za kutega zilizoletwa mwaka wa 1905 zilikuwa za kitani, nazo vilevile zilioza, na mvuvi alilalamika kwa sababu ya gharama. Baada ya Vita Kuu ya Pili ukaja uzi wa nailoni. Haukuoza, haukuhitaji kuanikwa kila siku, ukavua zaidi, na kila mvuvi akaufurahia. Ila sifa hiyo ya kutooza ndiyo iliyokuwa hasara yake, maana wavu wa nailoni uliokatika huendelea kuvua bila mwenyewe. Hunasa samaki, samaki huoza, akaja mwingine kumla naye akanaswa. Kipande cha mshipi kilichotupwa ufuoni hufanya hivyo hivyo kwa ndege na kasa. Nchi tatu zinazolizunguka Ziwa Viktoria zimepiga marufuku nyavu za uzi mmoja mwembamba usioonekana majini, lakini bei yake ndogo imezifanya zirudi mara nyingi.

Baada ya nailoni ikaja mifuko ya plastiki. Mama wa Kilungu aliyekwenda sokoni na kiondo cha katani alianza kurudi na mfuko mwepesi aliopewa bure, akautumia saa moja, ukapeperuka. Serikali ya Kenya ilijaribu kuizuia mifuko myepesi mwaka wa 2007, ikajaribu tena mwaka wa 2011, na mara zote mbili viwanda na wafanyabiashara wakashinda. Tarehe 28 Agosti 2017 katazo kamili likaanza kutumika, likiwa na adhabu ya faini hata kufikia shilingi milioni 4 au kifungo hata cha miaka 4. Zanzibar ilikuwa imetangulia tangu mwaka wa 2006, na Tanzania bara ikafuata mwaka wa 2019. Mifuko ilipungua sana. Chupa hazikukatazwa vivyo hivyo, na zikaendelea kushuka na maji.

Wavuvi walifanya nini? Nchini Kenya, kwa kanuni za mwaka wa 2007, kila mwalo ziwani na kila diko pwani huwa na chama cha wavuvi na wachuuzi wa samaki, kijulikanacho kote kwa herufi BMU, ambacho huchagua viongozi wake na kupewa, pamoja na kazi nyingine, dhamana ya usafi wa mahali hapo. Huo ni mwethya wa majini, ingawa hauitwi hivyo. Siku za kusafisha ufuo huwa nyingi pale samaki wanapopatikana, na hupungua pale mtu anapolazimika kuchagua kati ya kuokota chupa na kutafuta chakula cha jioni; sioni vema kumlaumu. Huko Watamu chama cha mazingira ya bahari kilichoanzishwa mwaka wa 2007 kilipata njia ya kuipa taka bei, ikaokotwa na kuuzwa. Na kule Lamu, ambako Mbingu alikuwa amehamishiwa, fundi Ali Skanda na wenzake waliunda jahazi zima kwa plastiki, likapambwa kwa ndara zipatazo 30,000 zilizookotwa. Liliingizwa majini mwaka wa 2018, na mwaka wa 2019 likasafiri mpaka Unguja.

Sasa, msomaji wa Kilungu, turudi karibu na kwenu. Mwaka wa 2018 ulizinduliwa ujenzi wa Bwawa la Thwake, mahali pale pale ambapo Thwake na Athi hukutana. Lilikusudiwa kushika maji mita za ujazo milioni 688, nyuma ya ukuta wenye kimo cha mita 80 na zaidi. Tangu siku zile watu wa Makueni na viongozi wao wameuliza hadharani juu ya uchafu wa Nairobi unaokuja na Athi, nao wana haki ya kujibiwa. Juu ya mkono mwingine wa maji, ule unaotoka Kaiti na vilima vyenu, sijasikia mtu akiuliza sana.

Maji yanayokwenda hubeba. Maji yaliyosimama huacha mzigo wake chini. Penye bwawa kubwa wavuvi hufika hata kama babu zao hawakuvua, kama ilivyotokea Masinga, katika Mto Tana, baada ya bwawa lile kumalizika mwaka wa 1981. Kwa hiyo chupa iliyotupwa mferejini Nunguni, ambayo zamani ingefika Malindi kwa mvuvi asiyejua hata jina la Kilungu, itasimama Thwake, na ndoana itakayoipandisha itakuwa ya kijana wa Makueni au wa Kitui.