Pua Ndefu ya Fairlady

Mwaka 1971 kampuni ya Nissan ya Japani, kwa kutamani gari lake la Fairlady lipate idhini ya kushindana likiwa na umbo lenye kupasua upepo kwa wepesi zaidi, ilileta sokoni aina ya 240ZG, iliyorefushwa pua kwa takriban milimita 190 na kuongezewa madigadi mapana yaliyopachikwa juu ya bodi. Haiba yake kubwa, kwa rai yangu, ni kwamba pamoja na mapambo hayo yote gari hilo liliuzwa kwa kimo chake cha asili. Na ile nafasi iliyobaki baina ya tairi na ukingo wa madigadi, ambayo vijana wa zama zetu huiona aibu wakakimbilia kukata springi, ndiyo inayoliruhusu gurudumu kupanda na kugeuka pasipo kukwaruza bodi. Kwa ajili ya nafasi hiyo, fundi hodari anayepachika madigadi ya namna hii huyajaribisha kabla ya kuyapaka rangi, gari likiwa limesimama kwa uzito wake wote juu ya magurudumu manne, kwani gari lililoinuliwa kwa jeki hudanganya kipimo, na madigadi yaliyotobolewa vibaya hayatoboleki upya kwa urahisi.