Neptune, mbwa aliyetufundisha aleji

Neno "aleji" tunalitumia kila siku, mara nina aleji ya vumbi, mara ya samaki, utadhani limekuwepo tangu enzi za Nuhu. Ukweli ni kwamba lilibuniwa mwaka 1906. Huku kwetu kusini vita vya Majimaji vilikuwa bado vinapiganwa. Na waliowafumbua macho madaktari hawakuwa wagonjwa wenye uwezo wa kujieleza. Walikuwa mbwa na watoto wadogo.

Twende kwa mpangilio, wasomaji wangu.

Mwaka 1901 Mwanamfalme Albert I wa Monaco, mtu aliyependa sana elimu ya bahari, aliwachukua wanasayansi wawili wa Kifaransa katika safari ya meli yake. Walikuwa Charles Richet na Paul Portier. Kazi yao ilikuwa kuchunguza sumu ya Physalia, kiumbe wa baharini mwenye nyuzi zinazowasha, jamaa ya yavuyavu. Waliporudi Ufaransa waliendelea na kazi hiyo kwa sumu ya kiumbe mwingine wa baharini, anemoni. Walitarajia kwamba mnyama akipewa sumu kidogo mwili wake utaizoea, kama inavyokuwa kwenye chanjo.

Mmoja wa mbwa wao aliitwa Neptune, mwenye afya na nguvu zake. Mapema mwaka 1902 alidungwa sumu kidogo, akabaki mzima kabisa. Wiki tatu hivi baadaye akadungwa tena kiasi kidogo. Hazikupita hata sekunde nyingi: pumzi zikambana, miguu ikamwishia nguvu, akaanguka, akaharisha, akatapika damu. Baada ya dakika 25 alikuwa amekufa.

Dozi ya kwanza haikumkinga, bali ilimwandaa kwa mauti. Richet akaliita jambo hili anafilaksisi, kwa Kigiriki kinyume cha kinga. Mwaka 1913 akapewa Tuzo ya Nobel.

Wakati huohuo, mjini Vienna, daktari wa watoto Clemens von Pirquet na mwenzake Béla Schick walikuwa wanakabiliana na fumbo lao. Enzi hizo dondakoo ilitibiwa kwa seramu iliyotokana na damu ya farasi. Dawa iliokoa watoto wengi, lakini siku 8 hadi 12 baada ya sindano baadhi yao walipata homa, vipele na uvimbe wa viungo. Mtoto aliyedungwa mara ya pili aliweza kuugua siku hiyohiyo. Pirquet na Schick walikaa vitandani pa watoto wakiandika tarehe na saa, na tarehe hizo ndizo zilizowapa jibu. Ugonjwa haukutoka kwenye seramu peke yake, ulitokana na mwili wenyewe kujibu mapigo. Mwaka 1905 walichapisha kitabu, na mwaka uliofuata Pirquet akaunda neno aleji kutokana na maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya "nyingine" na "kazi".

Kiswahili nacho kina neno lake, mzio. Wazee walilitumia kwa chakula ambacho mtu hapaswi kukila, ama kwa kuwa kinamdhuru au kwa mwiko wa ukoo. Kwamba chakula kizuri cha huyu ni balaa kwa yule, hilo walilijua.

Sasa kwa nini nawachosha na habari za mbwa wa zaidi ya miaka 100 iliyopita? Kwa sababu kuna sentensi naisikia kila mtoto anapovimba uso baada ya kula: "Haiwezi kuwa yai, mbona juzi alikula na hakudhurika?" Kisha lawama zinapelekwa kwenye mchango, joto, au jicho la jirani. Neptune alishatoa jibu mwaka 1902. Usalama wa mara ya kwanza si hati ya dhamana.

Mtoto mchanga hawezi kusema koo linambana, kwa hiyo macho na saa ndiyo vipimo vyetu. Dalili za aleji kali ya chakula huja mara nyingi ndani ya dakika chache hadi saa mbili: mabaka yaliyovimba, midomo au kope kuvimba, kutapika mfululizo, kikohozi, pumzi zenye mluzi, sauti kukauka, kulegea ghafla. Kwenye ngozi nyeusi usisubiri wekundu, pitisha kiganja uhisi uvimbe. Pumzi zikibadilika au mtoto akilegea, ni hospitali mbio, na dawa ya kwanza huko ni adrenalini. Vidonge vya kuzuia kuwashwa haviwezi kushika nafasi yake.

Kwa mbwa, tumbo huwahi kusema: kutapika na kuharisha ghafla, udhaifu, ufizi kupauka, wakati mwingine uso kuvimba. Paka hujikuna uso, hutokwa mate na kuhema kwa shida.

Historia hii ina kituko kingine. Mwaka 2000 madaktari wa watoto wa Marekani walishauri watoto walio katika hatari ya aleji wasipewe karanga hadi miaka mitatu. Mwaka 2008 ushauri huo uliondolewa, na mwaka huohuo utafiti ukaonyesha kuwa aleji ya karanga kwa watoto wa Kiyahudi wa Uingereza ilikuwa karibu mara kumi ya wenzao wa Israel, ambao huanza kula karanga wakiwa wachanga. Mwaka 2015 kundi la Gideon Lack mjini London likatoa matokeo ya watoto 640: kuanza mapema kulipunguza aleji hiyo kwa takriban asilimia 80. Bibi zetu wanaotia karanga zilizosagwa kwenye uji hawakuwa mbali na ukweli. Ila mtoto mwenye pumu ya ngozi kali aonwe na daktari kwanza, na karanga nzima asipewe, zitamkaba.

Kumbe njia ya sindano ilimuua Neptune, na njia ya mdomo, mapema, huufundisha mwili kuvumilia. Tulichonacho sote ni kile alichokuwa nacho Pirquet: daftari na saa. Andika alichokula, saa ngapi, na ilikuwa mara ya ngapi. Daktari atakapokuuliza, hayo ndiyo maneno ambayo mtoto hawezi kuyasema.