Nani aliwasahihisha malenga wetu?

Kijana wa Mafinga akitunga shairi siku hizi, analirusha kwenye simu za rafiki zake jioni ileile. Majibu hayachelewi: hongera, umetisha, endelea hivyo hivyo. Hapatikani wa kumwambia kwamba mshororo wa tatu umezidi mizani mbili, au kwamba kina cha kati kimepotea katika ubeti wa nne. Shairi linabaki kama lilivyozaliwa. Nimesoma mashairi mengi ya namna hiyo kutoka Mafinga, Makambako, Njombe na Mbeya. Mengi yana moyo na yanakosa mkono wa pili. Mkono huo una historia ndefu katika ushairi wa Kiswahili, na kama husikii ikisimuliwa, ni kwa sababu jina la mwalimu haliandikwi kwenye jalada.

Tuanzie mwambao. Katika Lamu na Mombasa ya zamani, mtunzi mchanga, mwanagenzi, alikaa karibu na malenga akisikiliza, akikariri, akijaribu, akikosolewa. Shairi lilikuwa kitu cha kughanwa mbele za watu, na kosa la mizani halikuwa na mahali pa kujificha: sauti ilijikwaa na baraza zima likasikia. Masikio hayo yaliyonolewa ndiyo yaliyotuhifadhia Muyaka bin Haji, malenga wa Mvita aliyefariki yapata mwaka 1840. Mashairi yake yaliishi vinywani mwa watu kwa miongo kadhaa, mpaka Mwalimu Sikujua bin Abdallah, kwa kushirikiana na mmisionari Mwingereza W. E. Taylor, alipoyakusanya na kuyaandika mwishoni mwa karne ya 19. Diwani yake ilichapwa 1940 kwa kazi ya William Hichens. Ubeti uliojaa barabara hukaa kichwani. Uliolegea hupotea njiani.

Mombasa hiyohiyo ilitoa mfano mwingine, wa zama zetu, nao naupenda kuliko yote. Abdilatif Abdalla, aliyezaliwa 1946, alilelewa na Ahmad Basheikh bin Hussein, mzee wa ukoo wake aliyekuwa mtunzi. Kaka yake, Ahmad Nassir Juma Bhalo, naye alikuwa malenga mwenye jina. Kwa hiyo kijana yule alikua akisikia mashairi yanavyojengwa na yanavyobomolewa ili yajengwe upya. Mwaka 1969 alifungwa miaka mitatu kwa kuandika karatasi ya kisiasa, Kenya: Twendapi? Gerezani Kamiti hakuwa na mwalimu wala msikilizaji, na hata karatasi ilibidi iwe ya msalani. Alitunga kwa siri, na alichokuwa nacho cha kumsahihisha ni sikio alilopewa na wazee wake. Sauti ya Dhiki ilitoka 1973, na mwaka uliofuata ikapata Tuzo ya Jomo Kenyatta.

Dibaji ya diwani hiyo iliandikwa na Shihabuddin Chiraghdin, mwalimu wa Mombasa. Ndiye pia aliyehariri Malenga wa Mvita, diwani ya Ahmad Nassir iliyochapwa 1971. Chiraghdin alifariki 1976, akiwa na umri wa miaka 42. Ndugu wawili, malenga wakubwa wawili wa kizazi kimoja, na nyuma ya vitabu vyao mwalimu yuleyule. Wanafunzi wetu wanawajua ndugu hao. Chiraghdin wanamjua wachache, na hilo ni deni.

Mwalimu wa namna hiyo anafanya nini hasa? Nichukue mshororo nilioutunga kwa ajili ya makala haya, wa aina ambayo mwanafunzi yeyote wa Mufindi angeweza kuuandika:

Mvua ya Mafinga ni nyingi, na baridi inauma.

Ughane kwa sauti. Kipande cha pili kina mizani nane, kimetimia. Cha kwanza kina kumi. Mwanafunzi akiambiwa hivyo atakimbilia kupunguza: Mvua Mafinga nyingi. Mizani sasa ni nane, lakini lugha imevunjika; hakuna mtu anayezungumza hivyo. Mwalimu mzembe atakipokea, kwa kuwa hesabu imekubali. Mwalimu mzuri atakataa na kumwomba ageuze mpangilio: Mafinga mvua tele. Nane tena, na mara hii Kiswahili kimesimama. Kisha ataendelea mbele zaidi, na hapa ndipo penye kazi yenyewe. Atauliza: kuna asiyejua kwamba Mafinga kuna mvua? Wewe uliona nini? Mwanafunzi atanyamaza, atafikiri, na pengine baada ya wiki atarudi na kitu kingine kabisa:

Misonobari yalia, upepo ukiitesa.

Nane kwa nane, na ndani yake mna mtu aliyesimama Sao Hill akasikia. Tofauti kati ya mshororo wa kwanza na huu haikuletwa na kanuni pekee. Imeletwa na swali la mtu mwingine.

Bara hatukuwa na baraza la malenga wa Kiswahili. Mababu wa Kihehe na Kibena walikuwa na nyimbo na watunzi wao, kwa lugha zao na kanuni zao. Shairi la vina na mizani lilitufikia kwa njia ya shule, posta na gazeti. Mambo Leo, lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1923, lilichapa mashairi ya watu waliokuwa mbali na pwani, na magazeti yaliyofuata yakaendeleza desturi ya kujibizana. Mmoja anauliza kwa shairi, wengine wanamjibu kwa shairi, wakishika bahari ileile ya mtangulizi wao. Aliyeteleza aliambiwa hadharani, kwa beti. Ilikuwa shule kali, yenye wanafunzi na walimu wasioonana uso kwa uso. Baadaye Redio Tanzania ikaongeza sauti, na mtu wa kijijini akasikia jinsi mshororo unavyoghanwa badala ya kuuona tu ukiwa umelala kwenye karatasi.

Kitabu cha kwanza cha kumfundisha mtu wa mbali kikatoka 1954: Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, cha Sheikh Kaluta Amri Abedi. Mwandishi mwenyewe alikuwa mtu wa bara, mzaliwa wa Ujiji, na aliyekuja kuwa Meya wa Dar es Salaam na kisha Waziri wa Sheria kabla ya kufariki 1964, akiwa na miaka 40 tu. Yale ambayo mwanagenzi wa Mombasa aliyapata kwa kukaa mkekani, Amri aliyaweka katika kurasa: vina, mizani, uchaguzi wa maneno. Wangapi walijifunzia humo! Mwalimu wa shule ya msingi wa nyanda za juu, asiye na malenga hata mmoja wa kumwuliza, aliweza kukifungua na kuanza. Lakini kitabu kina upungufu mmoja usioponyeka: hakikusomi wewe. Kinakupa kipimo, kisha kinakuacha ujipime.

Barua angalau humjua anayeandikiwa, na Shaaban Robert aliziandika kwa miaka mingi. Mwaka 2002 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapa barua zake za kati ya 1931 na 1958, alizomwandikia mdogo wake, Yusuf Ulenge. Ulenge alikuwa mwalimu, na naye akawa mwandishi. Nguzo ya Maji na Hadithi Nyingine kilitoka 1951. Miaka 27 ya barua kati ya ndugu wawili wenye kalamu! Shaaban alihamishwa kikazi huku na huko, na uzi kati yao haukukatika. Ninawasihi vijana wanaotunga wazitafute barua hizo, wamwone mtunzi mkubwa akiwa kaka kwanza.

Sasa twende Ugogo, kwa Mathias Mnyampala, ambaye kwetu sisi wa bara ni mtu wa karibu zaidi. Kiswahili hakikuwa lugha ya mama yake. Alikuwa Mgogo na Mkatoliki, mtu wa mahakama, mwandishi wa historia ya Wagogo iliyochapwa 1954, na alifikia kuwa kiongozi wa UKUTA, chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Mwalimu Nyerere aliwataka washairi wafikishe siasa ya Ujamaa kwa wananchi, na Mnyampala akaitikia kwa ngonjera. Alifariki Juni 1969. Vitabu viwili vya Ngonjera za Ukuta vilichapwa baada ya kifo chake, 1970 na 1971.

Iangalie ngonjera vizuri. Watu wawili wanasimama. Mmoja hajui au anapinga, mwingine anaeleza. Wanabishana kwa beti, na mwishoni asiyejua anakubali. Mnyampala aliuchukua uhusiano wa mwalimu na mwanafunzi akaupandisha jukwaani. Kila mtoto aliyeghani ngonjera mbele ya mgeni rasmi alikuwa amesimamishwa kwanza mbele ya mwalimu, akakatishwa, akarudishwa mwanzo, akaambiwa asimeze kina. Kwa watu wa rika fulani huko Iringa na Mbeya, hayo ndiyo mafunzo pekee ya ushairi waliyowahi kupata, na masikio yao mpaka leo yanajua mshororo uliopinda.

Mafinga ilikuwa na nafasi yake katika hayo, kwa sababu ya kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa. JKT ilianzishwa 1963, na tangu 1966 sheria iliwapeleka makambini vijana waliomaliza sekondari za juu na vyuo. Kambi ya Mafinga ikawa mahali ambapo mtu wa Tanga, wa Bukoba na wa Tukuyu walilala bweni moja na kukimbia mchakamchaka mmoja, wakiimba nyimbo za chenja zilizoanzishwa na mmoja na kurekebishwa na wote kwa sababu ulimi uligoma au hatua haikulingana. Hilo nalo ni sahihisho. Mguu unahesabu mizani kabla ya kichwa.

Kama kuna anayedhani kurudia kazi ni dalili ya udhaifu, amtazame Nyerere. Alitafsiri Julius Caesar wa Shakespeare na kuichapa 1963. Miaka sita baadaye, akiwa Rais wa nchi, akaitoa tena ikiwa imesahihishwa, hata jina la jalada likabadilika na kuwa Juliasi Kaizari.

Haya yote hayakuwa mema matupu. Kulikuwa na walimu waliogeuza kanuni kuwa lango, wakakaa mlangoni. Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe alipotoa Kichomi mwaka 1974, diwani yenye mashairi yasiyofuata vina na mizani, aliambiwa kwamba aliyoandika si mashairi. Mzozo ukaenea magazetini na vyuoni kwa miaka. Nadhani wazee walikosea pale walipokataa kusoma wanachokipinga, na baadhi ya vijana walikosea pale walipodhani kwamba kuacha vina ni kuachana na kusahihishwa. Shairi huru linahitaji msomaji mkali zaidi, maana halina hesabu ya kulitetea. Mugyabuso Mulokozi na Kulikoyela Kahigi walichagua njia ya tatu: walichapa pamoja Malenga wa Bara mwaka 1976, kisha Kunga za Ushairi na Diwani Yetu mwaka 1979. Vijana wawili wa bara, majalada mawili, majina mawili kila jalada. Asiye na malenga jirani anaweza kupata mwenzake.

Leo tuna tuzo. Tuzo ya Ushairi ya Ebrahim Hussein ilianza 2014, na Serikali imeanzisha Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Nazishukuru zote mbili. Zimewapa watunzi sababu ya kumaliza kazi zao. Lakini kazi ya tuzo ni kuchagua. Mashairi mia yanaingia, machache yanatoka na jina, na aliyebaki nje hajui alikosea wapi. Mwaka unaofuata anatuma kosa lilelile.

Kwa hiyo nina maombi, na nayaelekeza kwa watu ninaowajua wapo. Walimu wa Kiswahili wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, pale Iringa: Mafinga ni mwendo wa kama kilomita 80 tu, njooni Jumamosi moja ya mwezi mkae na watunzi wetu. Wahariri mnaochapa mashairi: shairi mnalolikataa lirudisheni na mistari miwili ya maelezo. Wazee mlioghani ngonjera enzi zile: mna masikio ambayo vijana hawana, na mjukuu wako hataomba asichojua kwamba unacho. Nawe kijana unayetunga usiku Kinyanambo au Changarawe, usiridhike na hongera. Mtafute mtu mmoja anayejua kuliko wewe, umghanie shairi lako kwa sauti, na akikukatisha, nyamaza umsikilize.