Mwanya si pengo

Fundi mmoja wa bodi, anayefufua Peugeot 404, aliniambia kuwa mlango wa dereva "una pengo". Nikamkatalia. Pengo ni la kitu kilichong'oka, kama jino. Ufa ni wa kitu kilichopasuka. Kati ya mlango na madigadi kuna mwanya: nafasi iliyoachwa makusudi, ili mlango ufunguke bila vyuma kugusana. Ndiyo maana mwanya wa meno ya mbele husifiwa, na mwenye pengo hufunika mdomo.

Gari hilo, ambalo aina yake ilishinda Safari Rally mara nne kati ya 1963 na 1968, lilikuwa na mianya ya kila namna. Mbele ya mlango, mwanya ulipanuka juu ukabana chini. Hapo mara nyingi mkosaji ni bawaba ya juu iliyolika. Mafundi wenye haraka hukimbilia kupaka puti ukingoni. Baadaye mlango ukigonga, puti hupasuka, na hapo sasa tunao ufa wa kweli! Fundi makini hutengeneza bawaba kwanza, akaulinganisha mlango na bodi ya nyuma isiyohama, kisha madigadi, na boneti baadaye. Rangi hungoja.

Magazeti nayo yameugeuza mwanya kuwa mhalifu: "mianya ya rushwa", "mianya ya kukwepa kodi". Sawa, lakini wahariri, msiandike "pengo" pale ambapo hakuna kilichong'oka.