Kaunti na Gharama Zake: Hesabu ya Tangu 1963

Mwaka 1970 ulipoanza, mabaraza ya kaunti nchini Kenya yalikuwa yamepokonywa shule za msingi, huduma za afya na barabara. Sheria ya mwaka 1969 ilirudisha kazi hizo mikononi mwa serikali kuu. Sababu iliyotolewa inasikika hadi leo: mabaraza yamelemewa na yameshindwa kulipa watumishi wake.

Umaskini huo ulikuwa na chanzo chake. Katiba ya uhuru ya 1963 iliunda majimbo saba, kila moja na bunge lake, mbali na eneo la Nairobi. KANU iliyoshika serikali haikuutaka mfumo huo tangu mwanzo. Kufikia siku nchi ilipotangazwa jamhuri, 12 Desemba 1964, majimbo yalikuwa yamebaki jina tu. Seneti nayo ikavunjwa 1966. Mabaraza yaliyosalia yalibebeshwa kazi nyingi kwa mfuko mwembamba, kisha yakalaumiwa kwa kushindwa.

Hata miji mikubwa haikunusurika. Mwaka 1983 baraza la Jiji la Nairobi lilivunjwa, na jiji likaendeshwa na tume ya kuteuliwa hadi 1992. Nafuu kidogo ilikuja 1999, mabaraza yalipoanza kupewa asilimia 5 ya kodi ya mapato. Kufikia wakati yalipofutwa yalikuwa 175, mengi yakiwa yamezama katika madeni.

Katiba ya 2010 ilileta jibu jipya: kaunti 47, magavana, Seneti iliyofufuliwa, na sharti kwamba kaunti zipate angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, kwa kutegemea hesabu za karibuni zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge. Mgao wa kwanza, wa mwaka wa fedha 2013/14, ulikuwa shilingi bilioni 190. Miaka kumi baadaye ulifika bilioni 385.4. Mji wa Wajir ulipata lami yake ya kwanza katika enzi hii, nusu karne baada ya uhuru. Kwa mkazi wa kaskazini aliyezoea kumeza vumbi, hiyo ndiyo maana ya ugatuzi.

Lakini upotevu nao uligatuliwa. Mwaka 2015 Wakenya walipigwa na butwaa kusikia kwamba Kaunti ya Bungoma ilinunua toroli kumi, kila moja kwa takriban shilingi 109,000. Toroli hizo zikawa alama ya ubadhirifu wa kaunti zote. Hata hivyo, toroli ni senti tu zikilinganishwa na mishahara. Kanuni za 2015 zinataka kaunti isitumie zaidi ya asilimia 35 ya mapato yake kulipa wafanyakazi, na sheria ya fedha ya 2012 inataka angalau asilimia 30 iende kwenye maendeleo. Mwaka baada ya mwaka, ripoti za Msimamizi wa Bajeti zinaonyesha kaunti nyingi zikivuka mpaka wa kwanza na kukosa kufikia wa pili. Sehemu ya mzigo huo ni urithi, kwa maana kaunti zilikabidhiwa watumishi wa mabaraza ya zamani pamoja na wale wa wizara, kisha nyingi zikaajiri wengine juu yao.

Kilio cha gharama kilizaa mswada wa Punguza Mizigo mwaka 2019. Ulitaka kupunguza wabunge na maseneta kutoka 416 hadi 147, na kupandisha mgao wa kaunti hadi asilimia 35. Mabunge mengi ya kaunti yaliukataa, ingawa ungewaletea wananchi wao fedha zaidi.

Sasa kunapozungumzwa kupunguza kaunti, historia ya 1969 isisahaulike. Kuzifuta hakutaondoa bili ya walimu wa chekechea, wauguzi na madaktari. Kutaihamishia Nairobi tu, mbali na macho ya wanaohudumiwa. Kinachostahili kukatwa kinajulikana: wafanyakazi hewa, safari zisizo na faida, na miradi inayoanzishwa kabla ya wanakandarasi wa zamani kulipwa. Hazina Kuu nayo itume mgao kwa wakati, kwa sababu gavana anayesubiri fedha kwa miezi hukopa, na riba hulipwa na mwananchi. Bajeti ya kaunti hupitia ushirikishaji wa umma kila mwaka. Mkenya ahudhurie vikao hivyo, aulize bei ya kila toroli na adai jibu kwa maandishi.