Lalamiko Lililokosa Mlango

Sisi tunaowaandaa walimu wa kesho tunajua uzito wa kalamu inayoandika pointi. Kalamu hiyo humwinua kijana. Mkononi mwa mtu asiye mwaminifu, huweza pia kumweka sokoni. Kwa hiyo tumeona vema kukumbuka kesi moja ya mbali, ambayo walioipeleka mahakamani walishindwa, lakini jambo waliloliomba likatimia.

Chuo Kikuu cha Yale, nchini Marekani, kilianzishwa mwaka 1701, lakini wasichana walianza kupokewa katika masomo ya shahada ya kwanza mwaka 1969 tu. Mwaka 1972 ilitungwa sheria iitwayo Title IX, inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu inayosaidiwa kwa fedha za serikali kuu. Sheria hiyo haikusema lolote juu ya mwalimu anayemtaka mwanafunzi wake kimapenzi.

Mwaka 1977 wanawake watano waliosoma Yale walikishitaki chuo hicho. Mmoja wao, Pamela Price, alidai kwamba profesa alimwahidi pointi za juu kabisa endapo angelala naye. Alikataa, akapewa pointi za chini. Catharine MacKinnon, mwanasheria kijana, alisaidia kuijenga hoja yao: profesa anayedai mwili kama bei ya pointi humwekea mwanamke sharti lisilowekwa juu ya mwanafunzi wa kiume, na huo ni ubaguzi. Wanawake hao hawakuomba fedha. Waliomba chuo kiweke utaratibu wa kupokea na kuchunguza malalamiko.

Mahakama ilikubali kwamba jambo la namna hiyo, likithibitishwa, ni ubaguzi. Hata hivyo, ni dai la Price peke yake lililofika kwenye usikilizaji. Dai la mwenzake mmoja lilianguka kwa kuwa hakuwahi kulalamika kwa mkubwa yeyote wa chuo. Tulitafakari neno hilo: angelalamika wapi, ikiwa mlango wenyewe ndio aliokuwa akiuomba? Mwaka 1979 iliamuliwa kwamba Price hakuthibitisha dai lake, na mwaka 1980 rufaa nayo ikakataliwa. Lakini kufikia wakati huo Yale ilikuwa imekwisha kuweka utaratibu wa malalamiko, na vyuo vingine vikaja kufanya vivyo hivyo.

Historia hiyo inatufundisha mambo mawili. La kwanza, lalamiko lahitaji mahali: mtu anayejulikana wa kulipokea, maandishi yenye tarehe, na wachunguzi wasiokula meza moja na mshitakiwa. La pili, kupokea lalamiko si kuhukumu. Wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mshitakiwa naye asikilizwe, ajue anashitakiwa nini, wala asihukumiwe kwa uvumi wa barazani. Na yule aliyelalamika asilipizwe kisasi katika mtihani unaofuata.

Kwetu Kongo, sheria namba 06/018 ya tarehe 20 Julai 2006 inautaja unyanyasaji wa kijinsia kuwa kosa, na adhabu yake ni kifungo cha mwaka 1 hadi 12. Lakini sheria hiyo hiyo yataka mashitaka yatokane na lalamiko la aliyetendewa. Maana yake, binti akinyamaza, sheria nayo hunyamaza.

Zamani kidogo, binti mmoja alitujia baada ya masomo, akatuuliza: «Nikisema, nitamwambia nani?» Tulimjibu avumilie, kwani mwaka ulikuwa karibu kwisha. Hakurudi tena kutuuliza. Leo tunakiri kwamba jibu letu lilikuwa mlango uliofungwa, na sisi ndio tulioufunga. Basi kila mmoja wetu mwenye darasa, ofisi au kiti katika baraza la shule ajiulize: swali lile likimfikia kesho, atamwonyesha binti huyo njia ipi?