Majina Yaliyoandikwa na Waajiri: Kutafuta Nasaba za Kaloleni katika Nyaraka za Kikoloni

Mtaa wa Kaloleni, uliojengwa na Manispaa ya Nairobi katika miaka ya 1940 kwa nyumba za mawe zilizoezekwa vigae vyekundu, ulikuwa miongoni mwa mitaa ya mwanzo ya Waafrika jijini kukusudiwa mtu na mkewe na watoto wao, tofauti na vyumba vya Kariakor na Shauri Moyo ambamo wanaume waligawana nafasi za kulala kana kwamba wote walikuwa makapera. Wengi wa waliopewa nyumba hizo walikuwa Waluo na Waluhya kutoka Mkoa wa Nyanza, watu ambao wao au baba zao walikuja mjini kwa reli iliyofika Kisumu mwaka 1901, wakawa makarani, wapishi, matarishi na mafundi. Wajukuu wao wanapotaka kujua babu alitoka lokesheni gani, yaani eneo la utawala lililokuwa chini ya chifu yupi, alifika Nairobi lini na alimfanyia nani kazi, hulazimika kupitia nyaraka ambazo hazikuandikwa kwa ajili yao wala kwa manufaa yao, kwa sababu serikali iliyoziandika ilitaka kujua mambo mawili tu kumhusu Mwafrika, yaani kodi yake na kazi yake.

Katika nchi nyingine mlango wa kwanza wa utafiti wa nasaba ni sensa. Norwe, nchi iliyotoa wahamiaji wapatao 800,000 kwenda ng'ambo, hasa Marekani, kati ya mwaka 1825 na 1925, iliwahesabu watu wake mwaka 1865 kwa kuandika jina la kila mmoja, umri, kazi, mahali alipozaliwa na nafasi yake katika nyumba, na kuanzia mwaka 1867 polisi wa Kristiania, mji ambao sasa ni Oslo, wakawa na daftari la wasafiri lililotaja jina, umri, kijiji atokako mtu na mahali aendako. Sensa za huko hufunguliwa kwa umma baada ya miaka 100, hivi kwamba ile ya mwaka 1910 ilianza kusomwa mwaka 2010, na mjukuu aliyeko Minnesota anaweza kumpata babu wa babu yake katika shamba alimozaliwa bila hata kuvuka bahari.

Mjukuu wa Kaloleni hana njia hiyo. Sensa za Kenya za mwaka 1911, 1921, 1926 na 1931 ziliwahesabu Wazungu, Wahindi na Waarabu, ilhali Waafrika, waliokuwa karibu watu wote wa nchi, walikadiriwa tu kutokana na hesabu za kodi. Sensa ya kwanza iliyowajumuisha kikamilifu ilifanyika mwaka 1948 na kutoa jumla ya watu wapatao milioni 5.4, ikafuatwa na ile ya mwaka 1962 iliyofikisha milioni 8.6, lakini kilichochapishwa katika zote mbili ni majedwali ya makabila, wilaya, jinsia na umri, na msomaji anayeyafungua atamkuta babu yake kama sehemu ya tarakimu. Sensa, kwa ufupi, humweleza mtafiti Waluo wangapi walikuwa Nairobi mwaka 1948, na haimtajii hata mmoja.

Aliyetaja majina ni mtoza kodi, na baada yake msajili wa wafanyakazi. Kodi ya kibanda, iliyoanza kutozwa mwaka 1901 kwa kila nyumba ya Mwafrika, na kodi ya kichwa iliyofuata mwaka 1910 kwa wanaume wasio na nyumba, zilimlazimu chifu na karani wake kuweka orodha za walipaji kwa kila lokesheni. Hata hivyo, waraka uliomfuata mtu hadi mjini ulikuwa kipande, cheti kilichoanzishwa kwa sheria ya usajili ya mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, mnamo 1919 na 1920, ambacho kila mwanaume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alitakiwa kuwa nacho kila aendako, kikiwa ndani ya kikopo cha bati ambacho wengi walikitundika shingoni kwa kamba. Ndani yake mliandikwa jina, kabila, wilaya na lokesheni, zikapigwa alama za vidole, kisha kila mwajiri akajaza tarehe ya kumwandika mtu kazi, mshahara wake na tarehe ya kumwachisha. Mtu aliyeondoka kabla mwajiri hajatia sahihi alihesabiwa mtoro, na alama za vidole zilizowekwa Nairobi zilitosha kumsaka popote. Mwanaharakati Harry Thuku na wenzake waliupinga mfumo huo waziwazi mwaka 1921 na 1922, na haikuwa bure kwamba watu walikifananisha kipande na kengele ya mbuzi. Lakini chombo hicho hicho cha kudhalilisha ndicho leo kinachoweza kuonyesha, mwezi baada ya mwezi, maisha ya kazi ya mtu ambaye hakuacha barua wala picha. Usajili wa namna hiyo uliwahusu Waafrika peke yao hadi sheria ya mwaka 1947 ilipoanza kuwasajili wanaume wa rangi zote.

Watumishi wa nyumbani waliongezewa daftari la pili chini ya sheria ya mwaka 1928, na moja kati ya madaftari hayo limejulikana duniani kote kwa sababu mjukuu wa mwenyewe alikuja kuwa rais wa Marekani. Hussein Onyango, mpishi aliyefanya kazi katika nyumba za Wazungu wa Nairobi, aliliacha daftari lake nyumbani kwake Alego, Nyanza, ambako Barack Obama alionyeshwa na bibi yake, kama alivyosimulia katika kitabu Dreams from My Father cha mwaka 1995. Afisa aliyelijaza aliandika kimo cha futi sita, rangi ya ngozi, umbo la pua na mdomo, aina ya nywele, na kwamba meno sita hayapo. Afisa huyo huenda aliyahesabu meno hayo kama kasoro ya kumtambulisha mtu, ilhali kwa msomaji Mluo ni habari nyingine kabisa, kwa kuwa kung'olewa meno sita ya chini ilikuwa desturi ya kijana wa Kiluo wa kizazi hicho anapoingia utu uzima. Kurasa zilizofuata ziliachiwa waajiri, na humo mmoja anamsifu Onyango kwa bidii huku mwingine akidai kwamba hastahili shilingi 60 kwa mwezi. Mtafiti anayesoma maneno kama hayo hana budi kukumbuka kwamba kalamu ilikuwa upande mmoja tu wa meza.

Ugumu unaozidi yote ni wa majina. Mluo alipewa jina kwa saa au hali ya kuzaliwa kwake, Otieno kwa wa usiku, Okoth kwa wa mvua, Opiyo kwa pacha wa kwanza, na Mluhya vivyo hivyo, Wafula kwa mvua na Wekesa kwa mavuno, ambapo jina la pili lilikuwa la baba na halikurithiwa na kizazi cha tatu. Onyango mwenyewe alikuwa mwana wa Obama, na Obama mwana wa Opiyo. Ni shule, ubatizo na usajili vilivyolisimamisha jina la Obama likawa la ukoo mzima. Wanorwe wa mashambani waliishi hivyo pia, mwana wa Ole akiitwa Olsen na bintiye Olsdatter, mpaka sheria ya mwaka 1923 ilipowataka wawe na jina la kudumu, na watafiti wao hutegemea jina la shamba ili kuwatenganisha akina Olsen. Kwa nasaba za Kaloleni kazi ya jina la shamba hufanywa na lokesheni pamoja na jina la chifu, na anayefika kwenye nyaraka akiwa na “Otieno mwana wa Okoth” peke yake atawapata wengi mno asiweze kumchagua wake. Inafaa kwanza wazee wa nyumbani waulizwe ukoo, kijito au kilima kilicho jirani na boma, na chifu aliyetawala babu alipoondoka.

Nyaraka zenyewe, kwa kiasi zilichobaki, zimo katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa iliyoko Moi Avenue, katika jengo lililokuwa la benki, ambako mafaili ya serikali huruhusiwa kusomwa kwa kawaida baada ya miaka 30. Mafaili yamepangwa kwa ofisi iliyoyaandika: PC/NZA ni ya mkuu wa Mkoa wa Nyanza, na DC/KSM ni ya mkuu wa Wilaya ya Kisumu. Kwa kuwa nchi ya Waluhya ilikuwa sehemu ya Nyanza karibu katika kipindi chote cha ukoloni, mjukuu wa Mluhya anayetafuta “Mkoa wa Magharibi” katika nyaraka za mwaka 1935 atarudi mikono mitupu, ilhali babu yake yumo ndani ya PC/NZA chini ya Wilaya ya Kavirondo ya Kaskazini. Vipande vyenyewe ni adimu, maana vilikuwa mali ya mfukoni na wenyewe walipoachana navyo hawakuvilia. Vilivyosalia viko katika masanduku ya bati, ushago na mjini.

Mabibi wako pabaya zaidi, kwani kipande hakikuwahusu na sheria ya vitambulisho haikuwajumuisha wanawake hadi iliporekebishwa mwaka 1978, huku usajili wa lazima wa vizazi na vifo vya Waafrika ukienezwa wilaya baada ya wilaya kati ya mwaka 1963 na 1971. Njia yao ni sijili za makanisa, hasa za ubatizo na ndoa, ambazo hutaja mama kwa jina lake na, kwa Wakatoliki, msimamizi wa ubatizo pia, ambaye mara nyingi ni ndugu au jirani wa kutoka lokesheni moja. Wamishonari wa Mill Hill walifika Kisumu mwaka 1903 na wale wa Kianglikana wakaanzisha Maseno mwaka 1906, hivyo sijili za Nyanza zinaweza kumtaja mwanamke miaka mingi kabla serikali haijamwandika popote.

Kwa waliokwisha kuhamia Kaloleni, makaratasi ya nyumba hujaza pengo. Nyumba ni za serikali ya jiji na wakazi ni wapangaji, hivyo familia nyingi zimetunza stakabadhi za kodi ya pango, barua za kupewa nyumba na barua za kuomba upangaji uhamishwe kutoka kwa marehemu hadi kwa mjane au mwana, na mtaalamu wa anthropolojia Constance Smith, aliyeandika kitabu kizima juu ya Kaloleni mwaka 2019, ameonyesha jinsi wakazi wanavyoyashikilia yaliyopita ili kudai mahali pao jijini. Kila mara mipango ya kuijenga upya mitaa ya Eastlands inapotajwa, stakabadhi hizo hutolewa sandukuni kwa sababu za haki na si za nasaba, lakini tarehe zake ni zilezile. Gazeti rasmi la serikali nalo huchapisha matangazo ya mirathi yanayotaja marehemu, mahali na tarehe aliyofia, na uhusiano wake na anayeomba kusimamia mali. Tangazo moja la mjane wa Kaloleni juu ya shamba la Siaya au Vihiga huweza kuunganisha nyumba ya mjini na boma la nyumbani, na kumpa mtafiti jina la mahali ambalo faili la PC/NZA linahitaji.